Nzito Kuliko Maji

Kila Jumamosi asubuhi, akishaosha vyombo vya chai, mke wa mnoa visu alitegemeza ngazi ukutani, akapanda na ndoo ya maji baridi, akaosha dari. Watu wengine huosha sakafu. Yeye pia aliosha sakafu, lakini katika nyumba ile kazi yenyewe ilikuwa juu. Alitumia chumvi, majivu na brashi ya katani. Maji ya moto hakuyagusa, kwa sababu damu ukiimwagia maji ya moto unaipika, na ikishaiva haitoki tena.

Damu ya wanawe wa kiume ilikuwa inapanda. Pale nyumbani lilikuwa jambo la kawaida, kama nyumba nyingine zilivyo na paka mwizi au mlango unaolia. Mtoto akijikwaruza, tone lilijitenga na ngozi taratibu, likapita usawa wa meza, likapita taa, likagota darini na kukaa huko. Ingekuwa kupanda peke yake, lisingekuwa neno. Mtu angezoea tu kutazama juu. Tatizo ni kwamba damu hiyo ilikuwa haijui kuacha. Ikishapata njia, ilitoka leo, ikatoka kesho, ikatoka keshokutwa, mpaka ichoke yenyewe au mwenye damu achoke kabla yake.

Mama huyo alikuja nayo kutoka kwao. Siku mbili kabla hajaolewa, mama yake mzazi alimweka chini, akamweleza habari hiyo kwa sauti ileile aliyomfundishia kukanda unga. "Kwetu wasichana wanabeba, wavulana wanamwaga," alimwambia. Kisha akamtajia wajomba watatu ambao hakuwahi kuwaona: mmoja alikwenda kwa mwiba, mmoja kwa jino, na mmoja kwa kucheka sana hadi pua ikafumuka. Huyo wa mwisho ndiye aliyesifiwa zaidi katika ukoo, maana angalau aliondoka akiwa na furaha.

Baada ya kuambiwa yote hayo, akaolewa na mnoa visu. Mjini palikuwa na muuza magodoro, mtu mpole, asiye na hata pini dukani kwake, na alikuwa anamtaka kwa moyo mmoja. Lakini moyo ukishapenda hauulizi mtu anafanya kazi gani. Na kusema kweli mnoa visu alikuwa mume hasa. Alipoelezwa, hakupiga kelele. Alikitoa kinoo chake cha gurudumu nje, akachora mstari wa chokaa mlangoni, na tangu siku hiyo hakuna kisu kilichoruhusiwa kuvuka mstari ule kuja ndani. Vitunguu vya nyumba ile vilikatwa barazani.

Majirani walikuwa na maelezo yao, na hawakuwa wachoyo nayo. Mmoja alisema mama yule alipokuwa mjamzito alipenda mno kutazama juu. Mwingine alisema ni mayai. Wa tatu, aliyekuwa na watoto tisa wazima na ulimi wa kumi, alisema hakuna ugonjwa pale, kuna kiburi tu, damu ya watu wanyenyekevu hushuka. Daktari wa mji aliitwa mara moja. Alimpima mtoto mapigo, akatazama dari, akatazama mtoto, akaandika kwenye karatasi kwamba mgonjwa apunguze kutoka damu. Karatasi hiyo waliitunza kwenye sanduku la nguo.

Kifungua mimba wao alifikisha miaka saba, na jino la mbele likalegea, kama meno ya watoto wote wa miaka saba. Walilifunga kwa uzi wa pamba ili lisitoke. Walimlisha uji. Walimkataza kusema maneno yenye herufi zinazogusa meno, na yeye, mtoto mwenye adabu, akawa haongei kabisa. Siku ya kumi na moja jino lilitoka lenyewe usingizini. Damu ilipanda siku nne. Mama alikaa na kitambaa mkononi, akibana, akibadilisha, akibana, na baba yake alisimama juu ya kiti akizuia dari kwa viganja vyake viwili, kana kwamba damu ikikosa pa kukaa itarudi. Siku ya tano asubuhi mtoto aliomba maji, akanywa, akafa. Wabebaji wa jeneza walisema alikuwa mzito kwa umri wake. Kumbe alikuwa na uzito wa watoto wengine wote tu, kwa sababu kile chepesi kilikuwa kimekwisha kumtoka.

Doa lile lilibaki katikati ya dari, pana kama kanga iliyoanikwa, na mama yake hakuliosha. Kila Jumamosi aliosha pembeni pembeni, akifika pale brashi inazunguka. Asubuhi akiamka alilitazama, akasema, "Umeamkaje, baba," kisha akawasha jiko.

Walibaki wawili. Wa kike waliyemwita Dada alikuwa mtundu, alipanda kila kitu kilichopandika, na akijikata damu yake ilidondoka chini kwa kishindo kama ya watu wenye heshima zao, ikakauka hapohapo. Wa kiume waliyemwita Pamba, kwa sababu alilelewa kama kitu cha kufungashwa, hakuwa na bahati hiyo. Yeye kwa nje alikuwa mzima, ila damu ilimvujia kwa ndani, kwenye goti la kushoto. Goti likishajaa lilivimba, likapata joto, na mguu ukaanza kuinuka wenyewe. Akiwa amekaa mezani, ungeona ung'ang'anizi wa mguu ule kutaka kwenda darini, na mtoto ameuma midomo kwa maumivu, naye hata kuuma midomo amekatazwa. Baba yake alimfungia pasi ya mkaa kifundoni. Pasi ilishusha mguu. Maumivu hayakushuka, lakini hayo hayakuwa yanaonekana, na mji ule ulikuwa na desturi ya kushughulikia yanayoonekana.

Kisha mnoa visu akafa kwa homa. Kilikuwa kifo cha kawaida kabisa, na majirani walimpa mjane pole kwa sauti iliyokuwa karibu na pongezi.

Mwezi haujaisha, akaja Bwana Ratili. Huyu alikuwa kaka mkubwa wa marehemu, na alikuwa mpimaji wa mji. Kila gunia la nafaka, kila fungu la pamba, kila kipande cha chuma kilichoingia au kutoka sokoni kilipita kwenye mizani yake. Alikuwa mtu safi, nguo zake zimepigwa pasi, na kidole gumba chake cha kulia kilikuwa kinene kuliko cha kushoto. Watu walisema kidole kile kina mshahara wake. Walisema kwa sauti ya chini, kwa sababu kila mmoja alikuwa na gunia la kupimwa.

Alikunywa chai, akamwita mjane shemeji, akaulizia mguu wa Pamba. Halafu akatazama kuta, akagonga mlango kwa kidole kusikia mbao, akasema kwa upole kwamba nyumba ya marehemu itarithiwa na damu yake, na hilo hakuna anayelipinga. "Lakini kama ni damu, shemeji, au si damu," alisema, "hilo si langu wala si lako. Ni la mahakama."

Mahakama ya mji ule inahitaji maelezo kidogo. Kitabu cha sheria kililetwa zamani, kikawekwa kwenye rafu nzuri, na mchwa wakakila chote isipokuwa jalada. Kuagiza kingine kulihitaji barua, na barua ilihitaji sahihi ya mtu aliyekuwa likizo. Kwa hiyo Hakimu akaanza kuhukumu kwa methali, ambazo zipo tayari, hazina gharama na kila mtu anazijua. Alikuwa nazo zimeandikwa kwenye vipande vya karatasi ndani ya sanduku la mbao. Mwenye mkokoteni aliyemgonga kuku alitozwa faini kwa Haraka Haraka Haina Baraka, na mwenye kuku, aliyechelewa kuleta malalamiko, akatozwa kwa Ngoja Ngoja Huumiza Matumbo. Watu waliona ni haki, maana wote wawili walitoka wamenuna.

Siku ya kesi ya nyumba, Hakimu alifungua sanduku, akavaa miwani, akasoma: Damu Ni Nzito Kuliko Maji. Mjane alishusha pumzi. Alidhani ameshinda. Alifikiri, jamani, kama kuna methali moja iliyotungwa kwa ajili ya mtoto wa mnoa visu, si ndiyo hii?

Bwana Ratili alisimama, akafunga vifungo vya koti. "Mheshimiwa, mimi sikatai undugu," alisema. "Naomba tu upimwe. Mizani nimekuja nayo."

Hakuna aliyecheka. Mji mzima ulikuwa umezoea kwamba kitu kisichopimwa hakijulikani. Hakimu akaona ombi lina mantiki: sheria inasema nzito, na uzito una mtaalamu wake, na mtaalamu huyu hapa, tena ni ndugu, asingedanganya. Akaagiza kikombe cha damu ya mtoto na kikombe cha maji ya kisima.

Hapo mjane alisimama bila kuitwa. Alisema kikombe hakitoki. Alisema mtoto huyu akitobolewa leo hatajua kuacha kutoka, na mnaotaka kumpima mtamuua, halafu mtapima nini. Alisema hayo akiwa amemshika Pamba bega, na aliogopa, aliogopa kuliko siku ya jino. Karani alinong'ona. Hakimu, ambaye hakuwa mtu katili, alishusha kikombe hadi kijiko. Wakabishana kijiko cha chai au cha mchuzi. Mjane alipata cha chai, na hiyo ndiyo kesi pekee aliyowahi kushinda katika maisha yake.

Walimtoboa Pamba kidole. Karani alishikilia kijiko juu chini, kama ilivyobidi, damu ikajikusanya tumboni mwa kijiko, akafunika kwa kigae cha bati na kuweka kwenye sahani ya mizani. Upande wa pili wakaweka kijiko cha maji na kigae kama kile. Upande wa maji ulikwenda chini. Upande wa damu ulinyanyuka mpaka mnyororo ukalegea, na sahani ikabaki inaelea, ikizunguka polepole, ikisubiri hukumu.

"Maji," alisema Hakimu.

Wakampima na Dada. Damu yake ilikwenda chini ikagonga meza. Bwana Ratili alimtazama mtoto yule kwa jicho la mtu aliyeona gunia zuri. Ikaandikwa kwamba binti ni damu kamili, ila binti hapewi nyumba, atapewa kwa mumewe. Na kijana si damu, kwa kuwa ni mwepesi kuliko maji, na methali haikuacha nafasi. Hivyo nyumba inakwenda kwa damu nzito iliyo karibu na marehemu, yaani ya kaka yake. Mjane aliuliza, na yeye je. Hakimu alitafuta sandukuni, akasema hakuna kitu juu yake.

Walipotoka nje, Bwana Ratili alimpisha mlangoni. Miaka kumi na minne alikuwa amemwita shemeji. Siku hiyo alisema, "Kwa heri, mama," kama anavyoagwa muuza mboga.

Kidole cha Pamba kilitoka damu siku nane. Matone yaliyotoka mahakamani yalibaki kwenye dari ya mahakama, na karani alimletea mjane barua ya kumtaka akayasafishe ndani ya wiki moja. Alikwenda na ngazi yake, akayasafisha. Alipokuwa juu aligundua kwamba nyuma ya boriti kuna mchwa wengi, wanene, wenye afya, lakini hakuulizwa.

Walihamia chumba kimoja nyuma ya tanuri la mikate, chenye bati la chini hata Pamba akisimama kitandani aligusa kichwa. Kinoo waliachiwa, kwa sababu kilikuwa kizito na Bwana Ratili hakupata wa kukibeba. Mjane akawa mnoa visu mwenyewe. Alikanyaga pedali asubuhi mpaka jioni, cheche zinaruka, na mwanawe amekaa ng'ambo ya mstari mpya wa chokaa akiwa na pasi mguuni, akiwasomea wateja barua zao. Hawakufa njaa. Kitu kimoja tu kilimtesa, akakisema wazi kwa yeyote aliyemuuliza hali: amemwacha mtoto kwenye dari ya watu.

Bwana Ratili alipaka dari ile chokaa. Doa likajitokeza tena Jumamosi. Akapaka mkono wa pili, likajitokeza Jumamosi iliyofuata. Baada ya mkono wa tatu alitangaza kwamba ni unyevunyevu, na wageni wakakubali kwamba unyevunyevu mwaka huu umezidi.

Miaka ikapita kama inavyopita kwa watu wenye kazi. Dada akawa msichana, na siku moja Bwana Ratili akaja nyuma ya tanuri la mikate, akasimama, kwa sababu kiti hakikuwepo cha kumfaa. Alikuja kumposea mwanawe, kijana mpole aliyeandika namba kwenye ofisi ya mizani na kuomba radhi kila alipopiga chafya. Alisema amefikiria mabinti wote wa mji, na huyu ndiye pekee aliyepimwa mbele ya mahakama. Damu yake ina cheti.

Mjane alisimamisha pedali, akangoja gurudumu litulie. Angeweza kunyamaza. Siku nyingine za baadaye alijiuliza kwa nini hakunyamaza, na jibu lilikuwa kwamba mama yake hakumnyamazia yeye.

"Sikiliza, Bwana Ratili. Kwetu wasichana wanabeba, wavulana wanamwaga. Huyu anabeba."

"Mizani yangu haikuona kitu."

"Mizani yako iliona kijiko. Mtoto wake wa kiume hayumo kwenye kijiko."

Bwana Ratili alitabasamu kwa huruma, kama anavyotabasamu mtu wa ofisi akielezwa kazi yake na mtu wa barabarani. Alisema wanawake wana hadithi nyingi, na akaondoka bila kumwita chochote.

Jioni hiyo mjane alimweka Dada chini, akamweleza yote kwa sauti ileile aliyoelezwa yeye. Dada alisikiliza akimenya viazi. Kisha akasema kwamba kijana hana ubaya, na kwamba watakaa kwenye nyumba ile, chumba kilekile, na angalau kutakuwa na mtu wa kumwambia kaka umeamkaje.

"Mama," akauliza, "wewe ulijua kabla hujatuzaa?"

"Nilijua."

"Ukatuzaa."

"Nikawazaa. Niliwataka."

Dada akamenya kiazi kingine. Hawakurudi tena kwenye habari hiyo, na mwezi uliofuata akaolewa.

Mtoto alizaliwa wa kiume, mnene, na akapewa jina la babu. Bwana Ratili alimpima siku ya kwanza, ya saba na ya thelathini, akatangaza uzito sokoni. Mtoto alikaa, akatambaa, na alipofikisha mwaka akasimama kwa kushika meza, akateleza, mdomo ukagonga ukingo. Bwana Ratili alikuwa pale anakunywa chai. Aliona tone likitoka mdomoni mwa mjukuu wake, likapita usawa wa meza, likapita taa, likaenda moja kwa moja katikati ya dari na kuungana na unyevunyevu. Likafuata la pili. Alisogeza kikombe chake pembeni, japo hakukuwa na haja, maana hakuna kilichokuwa kinadondoka. Dada alichukua kopo, akaligeuza mdomo chini, akaanza kukinga. Alijua kazi.

Mji ule ulikuwa na methali nyingi na kazi chache, hivyo habari ilifika sokoni kabla ya damu kufika siku ya pili. Watu walileta tu magunia yao kupimwa, mmoja baada ya mwingine, wakimtazama mpimaji usoni kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

Mjane alikwenda mahakamani mwenyewe. Hakuomba mtoto apimwe, Mungu apishe mbali, ni mjukuu wake. Aliomba kitu kidogo: ile karatasi moja ya damu na maji isomwe kwa watoto wawili. Ikiwa huyu ni damu, na Pamba ni damu. Ikiwa Pamba si damu, sawa, basi nyumba ile na mizani ile siku moja hazitakuwa na mrithi. "Chagueni," alisema, "mimi nitakubali lolote." Alijua wazi ni lipi wasingelichagua. Kwa mara ya kwanza tangu mumewe afe, alilala vizuri siku tatu kabla ya kesi.

Bwana Ratili alileta mizani. Hakulalamika, hakutafuta udhuru. Alisema yeye ni mtu wa vipimo na vipimo viseme. Mtoto hakutobolewa, kwa sababu Dada alikuwa na kopo lenye kifuniko, na mdomo wa mtoto ulikuwa bado unatoka damu. Karani akatia kijiko cha damu, akafunika. Akatia kijiko cha maji. Sahani ya damu ikanyanyuka, mnyororo ukalegea, ikaanza kuzunguka polepole, kama miaka ile.

Bwana Ratili akaweka kidole gumba cha kulia juu ya sahani. Hakukificha. Hakukiweka haraka wala kwa aibu. Alikiweka kama mtu anayeweka mkono begani mwa mtoto wake. Sahani ikashuka hadi mezani. Watu themanini walikuwa ndani ya chumba kile, na wote themanini waliona. Hakimu aliinama, akasoma mshale, akasema, "Nzito."

"Mheshimiwa," mjane alisema, "kidole."

Hakimu alivua miwani, akaifuta, akaivaa. Akatazama kidole, ambacho kilikuwa bado pale.

"Kidole ni cha babu yake," alisema. "Hicho nacho ni damu yake. Kinahesabiwa."

Chumba kikanung'unika kwa kuridhika. Ilikuwa hoja nzuri, na wengine waliirudia mioyoni mwao ili wakaisimulie nyumbani. Mjane alisimama palepale. Alisema siku ile ya Pamba, babu hakuwepo, lakini baba yake mkubwa alikuwepo, tena karibu na sahani, tena na kidole chake. Kwa nini hakukiweka?

Pamba, aliyekuwa amekaa benchi la nyuma, sasa kijana mwenye ndevu na goti lililoganda lisilokunjika tena, alitazama mikono yake. Bwana Ratili alitazama dirisha. Hakimu akaingiza mkono kwenye sanduku, akachakura kwa muda, akatoa karatasi moja ndogo iliyokunjika, akaisoma kwa sauti isiyo na ubaya wowote: Maji Yakimwagika Hayazoleki. Kesi ikafungwa. Karani akamkumbusha mjane kwamba kuna matone mawili darini.

Wiki haikuisha, mtu akaja nyuma ya tanuri la mikate kumwita. Mtumishi wa nyumba ile alikuwa ameosha dari kwa maji ya moto, na damu imeiva, na Bwana Ratili anasema hapana mwingine mjini anayeiweza kazi. Mjane alifikiri kukataa. Aliwaza kukataa huku anatia chumvi kwenye mfuko, na aliwaza kukataa huku anatafuta brashi ya katani. Kisha akaitungua pasi ya zamani kutoka msumarini, ile ya utotoni mwa Pamba, kwa sababu mtoto ameanza kutembea na magoti hayatakawia kujaa.

Jumamosi asubuhi akaingia kwenye nyumba yake akiwa na ngazi begani. Dada alimpokea, akaichukua pasi. Mtoto alikuwa amekaa kwenye mkeka, mguu mmoja umeshaanza kuinuka kidogo. Dada alimfunga pasi kifundoni kwa fundo aliloliona likifungwa siku zote za utoto wake, na mguu ukashuka.

"Karibu, shemeji," alisema Bwana Ratili. "Taratibu na ngazi hiyo, shemeji."

Alimshikilia ngazi mwenyewe. Mjane akapanda. Kufika juu akasema kwa sauti ya chini, "Umeamkaje, baba," akaanza kusugua. Aliosha matone ya mjukuu yaliyoiva, moja moja, kwa chumvi na maji baridi na kucha. Ilimchukua asubuhi nzima. Mengine yalikuwa yameingia ndani ya doa la zamani, na hayo aliyaacha, maana hakuna brashi inayojua kutenganisha mtoto na mjomba wake.

"Na hilo kubwa?" aliuliza Bwana Ratili kutoka chini.

"Hili si damu. Mlisema ni unyevunyevu."

Bwana Ratili alifikiri, akakubali kwamba kweli walisema. Mjane aliteremka, akamwaga maji, akakung'uta brashi, akambusu mjukuu kwenye utosi, mahali pasipo na hatari. Bwana Ratili alimshukuru sana. Alimwita shemeji mara tatu, akamwambia Jumamosi ijayo asichelewe, akatangulia kumfungulia mlango wa nyuma.